Naomba ushauri: alama ya fundi kwenye gobore la Marekani

Ndugu wapenzi wa silaha za kale, habari zenu. Naishi Pennsylvania, na jirani yangu mzee ameniomba nimsaidie kumtambua fundi wa gobore la babu zake, ambalo ni la fataki (kikofia kidogo chenye kilipuzi kinachogongwa na nyundo ili kuwasha baruti) na lina mtutu mrefu wenye pande nane. Bamba la mtambo wa kufyatulia limechongwa jina Golcher, lakini kwa kuwa mafundi wengi wa karne ya 19 walinunua mitambo iliyo tayari madukani, jina hilo pekee halitoshi. Juu ya mtutu, karibu na mwisho wake wa nyuma, nasoma "H. E. L", kisha herufi zilizolika, na mwishoni "PA" (kifupi cha Pennsylvania). Nimemulika tochi kwa ubavu na kupaka chaki laini, bila kugusa kutu, maana nachelea kuifuta alama yenyewe. Nadhani ni Henry Leman, fundi bunduki wa mji wa Lancaster hapa Pennsylvania, aliyeanza kazi mwaka 1834.

Je, kuna aliyewahi kuona mtutu wa Leman ukiwa na mtambo wa Golcher, au mtambo huu umebadilishwa baadaye? Na je, inafaa kuung'oa mtutu ili nitazame alama za upande wa chini, ilhali mbao zake zimeanza kupasuka?