Naomba ushauri: mashine ya kufuma sweta inaruka vitanzi pembeni

Wakuu, hasa mafundi wa sweta za shule, naombeni msaada.

Mashine ni ile bapa ya mkono, bedi moja (safu moja ya sindano), sindano 200, nafasi ya milimita 4.5 kati ya sindano na sindano. Uzi ni akriliki wa koni, tensheni (namba ya kupanga ukubwa wa kitanzi) 7. Sampuli inatoa vitanzi 28 na mistari 40 kwa sentimita 10, kwa hiyo kipande cha mbele cha sentimita 44 kinachukua sindano 123.

Sponji ya ule upau unaokandamiza sindano imeshabadilishwa. Ya zamani ilikuwa imelala kabisa, na sindano zilikuwa zikiinuka na kugonga kerieji, yaani kile kichwa kinachosukumwa kushoto na kulia juu ya bedi. Sindano zenye kilimi (kile kifuniko kidogo cha ndoano) kilichopinda zimetolewa. Mafuta ni ya cherehani, tone tu, maana yakizidi yanachafua uzi mweupe.

Katikati sasa panafuma safi. Shida iko pembeni: vitanzi vinne vya mwisho upande wa kushoto havishuki, uzi unarundikana juu ya sindano. Vizito vya pembeni vinasogezwa juu kila mistari 20. Kerieji ikipita ukingo, uzi unalegea na ile springi ya juu haiuvuti wote.

Je, nikaze springi kwanza, au koni ipakwe nta ya mshumaa ili uzi uteleze? Na pindo la ribu (lile la mistari linalovutika): niendelee kugeuza vitanzi kwa kulabu, kimoja kimoja, au ninunue bedi ya pili? Kwa sweta 30 kulabu inachosha mno.