Mshahara wa kwanza, nyumbani na mchumba: nianzie wapi?

Mtoto wa Kwanza
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 25 na nimeajiriwa Dar es Salaam tangu Januari kwa mshahara wa shilingi 700,000, kiasi ambacho nyumbani Singida kila mtu anakijua kwa sababu mimi mwenyewe nilikitaja kwa furaha siku nilipopata barua ya ajira. Wasichokijua ni kwamba baada ya kukatwa asilimia 10 ya NSSF, asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo iliyonisomesha chuo na kodi ya mapato, kinachoingia benki ni 483,000. Chumba changu Tabata ni 90,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hutaka ya miezi sita kwa mkupuo. Mchumba wangu, ambaye tunatarajia alete barua ya posa Desemba, ameniomba nimkopeshe mara mbili; mara ya pili niliona aibu kusema sina, nikakopa kwenye programu ya simu ili nimpe. Juzi wakopeshaji walimtumia mjomba wangu ujumbe kuhusu deni langu. Usiku simu ikitetemeka juu ya stuli moyo hunienda mbio, hata kama ni tangazo la vifurushi tu. Nitawaambiaje nyumbani kwamba siwezi kutuma kiasi wanachotarajia, bila kuonekana nimewatupa?

Mama Wawili
Pole sana, mwanangu. Nyumbani hawakuonei, wanahesabu ile 700,000 uliyowatajia. Mimi nilimsomea mama yangu hati ya mshahara mstari kwa mstari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza huyo Bodi ni nani na kwa nini anakula kuliko yeye. Tulicheka, lakini tangu siku hiyo tulikubaliana kiasi kimoja ambacho hutuma kila tarehe 28, pamoja na ya kutolea.

Mhasibu wa Ilala
Naafikiana na Mama Wawili, ila kwa miezi mitatu ijayo ningetuma nyumbani nusu tu ya kiasi mtakachokubaliana, kwa sababu deni la simu ndilo linalokua haraka, na kosa kubwa zaidi ni kukopa programu ya pili ili kulipa ya kwanza. Kagua pia kama mkopeshaji wako ana leseni, kwani Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ujumbe aliotumiwa mjomba wako usiufute: tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume yake.

Kijana wa Kigamboni
Dada, simhukumu mchumba wako, kwa kuwa nami niliwahi kumkopa mwenzangu nikidhani anazo, kumbe alikuwa akilala na njaa ili asiniangushe. Mwambie wazi kwamba fedha ile uliikopa. Akishtuka na kuuliza inadaiwa lini, mna pa kuanzia. Akibadilisha mazungumzo, ni heri umelijua hilo kabla ya barua ya posa.

Mtoto wa Kwanza
Nashukuru sana. Hati ya mwezi uliopita nimeshaipiga picha, na Jumapili nitampigia mama. Mchumba nitaonana naye ana kwa ana, maana hilo siwezi kuliandika kwenye simu.