Maikrodamabresheni kwa ngozi nyeusi, kweli inatoa madoa na vishimo vya chunusi?

BintiPangani: Wapendwa habari zenu, naombeni ushauri. Nina miaka 36, uso umefifia na mashavuni nina madoa meusi ya chunusi za zamani na vishimo vidogo karibu na pua. Saluni moja hapa Dar wameniambia nifanye maikrodamabresheni, ile ya kusugua uso kwa mashine, awamu sita eti ngozi inakuwa mpya na vishimo vinafukiwa. Kuna aliyefanya? Naogopa maana ngozi yangu ikikwaruzwa kidogo tu inaacha weusi. Mkorogo nilikuwa natumia ila nimeacha tangu Ramadhani.

MtaalamuNgozi_Moshi: Dada, hapo kwenye vishimo wamekudanganya. Ile mashine ni msasa laini tu, kuna inayopuliza chembe za alumini oksaidi huku inazifyonza, na kuna ya kichwa cha almasi, zote zinatoa lile tabaka la juu kabisa lenye seli zilizokufa. Ndo maana uso unang'aa na vimistari vyembamba vinapungua. Vishimo vya chunusi viko ndani zaidi, haifiki huko, hivyo vinataka visindano vya kutoboatoboa ngozi au leza kwa daktari wa ngozi. Na kama bado una chunusi zenye usaha au vidonda vya homa mdomoni, usiguswe kwanza.

ZuuMombasa: Mie nilifanya ya almasi. Haiumi, unasikia tu inakwangua na kuvuta ngozi, ukifika juu ya mdomo ndo inakera, jioni uso ukawa wa moto kidogo na asubuhi ukawa laini mpaka poda inakaa yenyewe. Madoa mepesi yalififia baada ya awamu kadhaa, yale meusi tii yapo palepale. Hakikisha wanakisafisha kile kichwa kwa dawa mbele yako, wengine wanatoka uso wa mtu wanaingia wa mwingine hivihivi, hatari sana jamani.

KakaMfamasia: Mimi nashikilia hapo kwenye mkorogo. Mingi ina steroidi kali, haidrokwinoni ile dawa ya kung'arisha ngozi, mingine zebaki, na steroidi inakondesha ngozi, sasa uje ukwangue ngozi iliyokonda tayari si utapata weusi mpya juu ya wa zamani? Nenda kwa daktari aiangalie kwanza. Na kama unapaka retinoli, ile krimu ya vitamini A, acha siku kadhaa kabla ya kufanya.

BintiPangani: Asanteni mno, nimewaahirisha wale wa saluni, naenda kwa daktari. Ila sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, nikipaka naonekana nimejipaka unga, nifanyeje?

MtaalamuNgozi_Moshi: Tafuta yenye rangi ya kahawia, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu. Ile rangi ni oksaidi ya chuma, haiachi weupe na pia inazuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi zetu nao unakoleza madoa. Paka kila asubuhi hata kama kuna mawingu, ukishinda nje rudia kila baada ya saa mbili.