Matokeo ya Kidato cha Nne skuli yetu: nianze kuhesabu wapi?

Maalim wa Hisabati (Micheweni)

Assalaam alaykum. Nasomesha Hisabati skuli ya serikali, wilaya ya Micheweni, Pemba, na nakuja hapa na jambo linaloninyima usingizi.

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yalipotoka tulikaa kikao na wazee. Msaidizi mwalimu mkuu akabandika lile jedwali linalotenga wanawake na wanaume, daraja la kwanza mpaka sifuri. Kikao kizima kikawa ni hilo: wanawake wamewashinda wanaume, wanaume wavivu, basi. Mzee mmoja akasimama akasema watoto wa vijiji vya pwani vichwa vyao vizito, wa juu huku ndio wanaosoma. Nyuma yake walikuwa wamekaa wazee wanne watano kutoka huko huko pwani. Hakuna aliyemjibu. Na miye nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na kitu mkononi cha kumuonesha.

Tangu siku hiyo nachukua orodha ya majina naandika pembeni: anatoka shehia gani (mtaa au kijiji chini ya sheha), anatembea muda gani, analelewa na nani. Linalonisumbua ni kwamba jinsia peke yake hainielezi kitu. Nina wanafunzi wanawake wawili dawati moja, wote waelewa. Mmoja kapata C tatu na D nne, pointi 25 (pointi chache ndiyo bora), daraja la tatu. Mwenziwe C moja na D sita, pointi 27, daraja la nne. Huyu wa pili anatoka pwani, na Kidato cha Pili ndiye aliyekuwa mbele.

Kabla sijasema kitu kikao kijacho, nihesabu nini? Nataka wenye uzoefu wanishauri.

Mstaafu wa Wete

Wa alaykum salaam Maalim. Kwanza usiikubali ile "asilimia ya kufaulu" kama ilivyo. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, naye ni daraja la nne, na kwenye kikao anatajwa kuwa kafaulu. Lakini Kidato cha Tano kinataka C tatu. Hesabu waliofika C tatu, utaona picha nyengine kabisa.

Pili, rudi nyuma mpaka daftari la Kidato cha Kwanza cha watoto hao hao. Waliofanya mtihani ni waliobaki. Mwanamme aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi, na baba yake akiwa Kidato cha Pili, akarudi miezi imepita na hakusajiliwa, yeye hayumo kwenye jedwali lako. Miye nimesomesha miaka mingi na naliona hilo kila mara: darasa linaingia nusu kwa nusu, linatoka wanawake watupu. Kwa hiyo hata hao wanaume waliopo ukutani ni baadhi tu.

Mkoani_karafuu

Huku kwetu ni karafuu. Mwaka zikizaa, madawati matupu. Wanaume juu ya mikarafuu, wanawake usiku kucha wanachambua makonyo (vijiti vya karafuu), asubuhi wanasinzia. Mwaka usio na mavuno darasa linajaa. Ukilinganisha mwaka na mwaka bila kuangalia karafuu utamlaumu mwalimu bure. Ila Micheweni ni mawe matupu upande wa mashariki, sidhani kama ni hilo lenu.

Mama wa mwani

Maalim, miye si mwalimu, nimeishia Kidato cha Pili. Nalima mwani na nina mtoto hapo kwenu, huenda ni skuli hiyo hiyo, sitaki kuuliza.

Nataka ujue kitu kimoja ambacho hamjawahi kutuuliza. Sisi tunashuka pwani siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kutoka sana. Maji ya bamvua yanakupwa asubuhi, saa nne, saa tano, ndiyo saa ya kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Siku nyengine maji hayatoki vya kutosha. Mikono yangu haitoshi, mgongo umekwisha, namchukua mtoto wangu mwanamke. Namchukua kwa uchungu. Nikikosa bamvua hii nangoja mpaka bamvua nyengine, wiki mbili, na mwani haungoji. Wa zamu ya mchana anawahi kurudi akaoga akaja skuli. Wa zamu ya asubuhi siku hiyo kaikosa yote.

Kichwa chake si kizito. Hesabu za pishi na kilo za nyumba nzima anazipiga yeye.

Maalim wa Hisabati (Micheweni)

Bi, Allah akulipe. Nimeisoma mara tatu.

Wale wanafunzi wawili niliowataja: Kidato cha Pili wote walikuwa zamu ya mchana. Kidato cha Tatu tuliwahamishia asubuhi, tukiamini asubuhi akili ndiyo inakuwa safi. Yule wa pwani alama zake zilianza kushuka hapo hapo. Mzazi niliwahi kumwita, akaja, akasema tu "ana udhuru", na miye sikuuliza udhuru gani.

Mstaafu, la C tatu nimelichukua, na la daftari la Kidato cha Kwanza pia. Karafuu kweli si yetu, ahsante hata hivyo.

Bamvua inafuata mwezi, kuandama na kupevuka. Basi kalenda ya Kiislamu inanitosha. Kesho natoa madaftari ya mahudhurio ya miaka miwili kabatini, naweka tarehe kwa tarehe, shehia za pwani peke yake na zamu peke yake. Halafu kuna daftari langu mwenyewe. Majaribio yote ya Hisabati nilikuwa natoa asubuhi, na asiyekuja nilikuwa namwandikia sifuri. Nitaanza na hilo, nione sifuri ngapi zimeangukia bamvua.

Mama wa mwani

Bamvua ijayo ni mwezi ukiandama. Jaribio lako liweke katikati ya bamvua na bamvua.