Shule ina viwanja viwili: Gredi ya 6 ikae wapi?

Fundi_Tepu (Malindi)
Assalamu alaikum jamaa. Mimi fundi cherehani, na binti zangu wawili wasoma shule ndogo ya binafsi hapa mtaani, mkubwa Gredi ya 5, mdogo PP2 ya chekechea. Shule imepata kiwanja cha pili upande wa Barani. Jumamosi baada ya Alasiri wazazi tumeitwa kuamua nani ahamie huko. Mwenye shule ataka Gredi ya 5 hadi 9 wote wende. Walimu wataka 7 hadi 9 tu, yaani sekondari msingi, kama mpangilio wa serikali. Wako na wazee wasemao asihame mtu, kiwanja kiwe cha mpira.

Mimi mambo ya mitaala siyajui. Lakini sare za shule hiyo nazishona mwaka wa kumi huu, na tepu imenifunza jambo. Wasichana huanza kurefuka Gredi ya 5 kwenda ya 6. (Wakubwa huwapima mke wangu, mimi naandika tu.) Januari mama mtu asema "acha upindo mkubwa", Agosti upindo wote umefumuliwa na gauni bado liko juu ya goti. Wavulana wa darasa hilo hilo suruali za mwaka jana zingali zawatosha. Zamu yao huja Gredi ya 8, nayo ikija huja kwa fujo, mkono wa shati waishia kwenye kiwiko.

Basi ule mstari wa 6 na 7 mimi nauona wa karatasi. Binti wa Gredi ya 6 ana mwili wa sekondari msingi, na jioni yuwacheza kode na mdogo wake. Huyu akae na watoto au na wakubwa?

Mwl_Sayansi
Waalaikum salaam fundi. Hata serikali iliyumba hapo. Mpango wa kwanza ulikuwa Gredi ya 7 iende shule za sekondari. Desemba 2022 ikaamuliwa wabaki viwanja vya msingi, Januari 2023 kundi la kwanza likaanza. Wazazi wengi walikuwa wakiogopa kumpeleka mtoto wa miaka 12 akae na vijana wa miaka 18.

Ila mimi nikiwa mwalimu sianzi na miili, naanza na walimu. Mpaka Gredi ya 6 mwalimu mmoja aweza kulibeba darasa karibu siku nzima. Amjua nani hajala, nani kapoteza daftari. Gredi ya 7 ni masomo tisa, kila somo na mtu wake. Kwa karatasi, hiyo. Mimi nafunza Sayansi Jumuishi, Hisabati na Kilimo, na hicho Kilimo nakisoma usiku ndipo nikifunze asubuhi. Ulizeni Jumamosi: kiwanja kipya kitakuwa na walimu wake, au watu watashinda kwenye tuktuk baina ya Barani na mtaani? Kama ni hilo la pili, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko kihesabuni kimekufa.

Mama_wa_Langoni
Mimi niko Lamu. Nilimtoa mwanangu shule ya kijijini alipoingia Gredi ya 7, nikamleta mjini kwa halati yake, nikidhani namfanyia hisani. Kule alikuwa wa tatu. Huku muhula mzima hakunyosha mkono, na halati yake aniambia kila asubuhi tumbo lamuuma. Siku za shule tu, wikendi haliumi.

Fundi, hesabu mihamo. Gredi ya 10 atahama tu kwenda sekondari ya juu, apende asipende. Ukimhamisha sasa ni mara mbili.

Mmalindi_Ohio
Nimecheka kidogo, maana mimi kwetu Shela ya Malindi lakini naishi Columbus, Ohio, na mji huu ni katika ile ya kwanza kabisa Marekani kufungua shule ya kati, 1909. Ilikuwa Gredi ya 7 hadi 9. Miaka ya 1960 wataalamu wakasema watoto wabalehe mapema, yaani hoja ya tepu yako fundi, sehemu nyingi zikauvuta mstari chini ukawa 6 hadi 8. Kuja miaka ya 2000, miji kama Philadelphia na Baltimore ikawa yarudisha shule za chekechea hadi Gredi ya 8 pamoja. Mstari wamehamisha kama kamba ya nguo.

Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa watoto wa New York: waliohamia shule ya kati alama zao zilianguka wakilinganishwa na wenzao waliobaki shule moja hadi Gredi ya 8. Awe wa 6 au wa 7, kuhama kulimuuma. Mama wa Langoni hakukosea.

Swali langu dogo: sare mpya za Barani atashona nani?

Fundi_Tepu (Malindi)
Haha, umenishika. Ndiyo, mimi, na mwenye shule keshaniuliza bei ya kitambaa cha hudhurungi. Kwa hiyo Jumamosi nitawaachia wengine waseme mwanzo.

Jana usiku nilimuuliza mwenyewe binti. Akaniuliza: "Naenda peke yangu au darasa letu lote?" Nikamwambia lote. Akasema basi si kitu, lakini choo cha huko kina mlango? Kumbe cha hapa tulipo cha wasichana hakina komeo, wenzake hushikiana mlango kwa zamu, na wengine hawanywi maji mpaka warudi nyumbani. Mke wangu alijua. Mimi nimepita pale kupeleka sare miaka yote hiyo.

Nitasema 7 hadi 9 wahame, walimu wao wakiwa wa huko huko, na 5 na 6 wabaki. Lakini komeo sitangojea kikao. Nimeshanunua mawili, kesho baada ya Alfajiri naenda na bisibisi.

Mama_wa_Langoni
Peleka na ndoo yenye kifuniko.