Matone ya macho ya damu yako mwenyewe: kweli au porojo?

Fundi Cherehani, Moshi: Jamani, macho yanachoma kama yamepakwa pilipili. Nashona hadi usiku, machozi bandia, yale matone ya dukani ya kulainisha macho makavu, hayanisaidii tena. Eti kuna matone ya damu yako mwenyewe?

Kahawa Chungu: Kweli, dada. Damu inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine, yanachukuliwa yale maji ya manjano, serumu, na kuchanganywa na maji ya chumvi. Mara nyingi serumu huwa asilimia 20. Ina vitamini A na protini za kuponya uso wa jicho. Haiwekwi dawa ya kuzuia vijidudu, hivyo chupa hukaa kwenye friza. TANESCO wakikata umeme, imekula kwako.

Babu wa Soweto: Usitengenezewe mtaani, mwanangu! Anzia hospitali ya KCMC, idara ya macho, upimwe machozi kwa kile kikaratasi kinachowekwa kwenye kope ya chini. Na kama unashona na feni, igeuzie ukutani, upepo wake unakausha macho.