Naomba ushauri: kimashine cha kusagia viungo na korosho

Habarini wakuu. Nipo Mtwara mjini, nina kile kimashine kidogo cha umeme cha kusagia viungo. Iliki, mdalasini na pilipili manga kinasaga laini kabisa, kinu nimeshakisahau. Shida ni korosho. Nikisaga zilizokaangwa za kuungia mboga, zinatoa mafuta na kuganda pembeni, visu vinazunguka bure huku mota ikichemka. Nisage kidogo kidogo nikipumzisha, au kuna cha kuchanganyia? Na wanaosaga dagaa humo humo, harufu mnaitoaje? Maana juzi chai ya iliki ilinuka dagaa, mgeni akaishia nusu kikombe. Mama mkwe anasema nisage humo mchele mkavu kidogo kisha nifute. Waliojaribu naomba mnijuze.